Umechanjwa, umepima, karatasi huielewi? Majibu ya maswali yenu

Toleo lililopita niliwaomba mlete maswali ya vipimo vya damu nikijua mtaniletea sukari na malaria kama kawaida, kumbe wengi wenu mmebanwa na kitu kimoja, vipimo vya kingamwili baada ya chanjo, yaani ile kinga ambayo mwili unatengeneza na kuiacha kwenye damu (wengine mmeandika antibodi, tunaelewana). Majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Na nikumbushe tena, mimi ni mtu wa maabara, siyo daktari, kwa hiyo karatasi nakusomea ila dawa utaandikiwa na anayekutibu.

*

Dada habari za kazi. Mume wangu alichoma chanjo ya homa ya ini sindano zote tatu baada ya kaka yake kugundulika anaumwa. Miezi miwili baadae akaenda kupima kuona kama imeshika. Karatasi imeandikwa HBsAg negativu, Anti-HBc negativu, alafu Anti-HBs POZITIVU 342, na hapo wamepiga wino mwekundu kabisa. Toka siku iyo nimemtengea sahani na kikombe, mama mkwe kaleta dawa za mizizi, mwenyewe haongei. Tuna mtoto mdogo, naomba unijibu haraka. – Mama wa Mafinga

Mama, rudisha iyo sahani kabatini leo leo. Mume wako haumwi, na hayo ndiyo majibu mazuri kuliko yote ambayo mtu aliyechanjwa anaweza kuyapata.

Ngoja nikusomee mstari kwa mstari maana hapa wanachanganyikiwa wengi, hata baadhi ya wahudumu, ntasema tu ukweli. HBsAg ni kipande cha kirusi chenyewe, ganda lake la nje, hiyo ikiwa pozitivu ndiyo tunasema mtu ana maambukizi. Yake ni negativu. Anti-HBs ni kinga ambayo mwili umetengeneza dhidi ya hilo ganda, na chanjo kazi yake ndiyo hiyo, maana ndani ya ile chupa ya chanjo hamna kirusi, kuna ganda tu lililotengenezwa kiwandani, mwili unalisoma unaandaa kinga. Kwa hiyo pozitivu ya hapo ni habari njema. Kiwango kinachotakiwa ni kuanzia 10 kwenda juu, yeye ana 342.

Bado ule mstari wa katikati, Anti-HBc, huo watu wanauruka na mimi naupenda kuliko yote. Hiyo ni kinga dhidi ya sehemu ya ndani ya kirusi, na sehemu ya ndani haipo kwenye chanjo, kwa hiyo huwezi kuipata kwa sindano, unaipata kwa kukutana na kirusi chenyewe. Mtu mwenye Anti-HBs pozitivu na Anti-HBc pozitivu aliwahi kuugua akapona, pengine hata hakujua. Mumeo Anti-HBc negativu maana yake kinga yake yote imetoka kwenye chanjo, kirusi hajawahi kukutana nacho. Wino mwekundu ni mashine tu, kila kinachosomeka pozitivu inakipaka rangi, yenyewe haijui kama ni furaha au msiba.

Mizizi ya mama mkwe mpokee kwa heshima uiweke pembeni, kuna dawa za miti shamba zinazoumiza ini na huyu ini lake ni zima, ya nini kumjaribia. Na hata yule shemeji yako anayeumwa kweli, homa ya ini B haiambukizwi kwa sahani wala kikombe wala kusalimiana mkono, inapita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Wembe na mswaki ndiyo visichangiwe. Wewe nenda kapime HBsAg, ukiwa negativu na wewe anza sindano. Mtoto angalia kadi yake ya kliniki, ile chanjo ya pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14 ndani yake homa ya ini B imo.

Kitu kingine kwa wengine mnaosoma, usiende kupima HBsAg siku chache baada ya kuchomwa sindano. Lile ganda la kwenye chanjo linaweza kuonekana kwenye damu kwa muda, mpaka siku 18 hivi, ukasomeka una maambukizi wakati ni sindano yako mwenyewe. Kwa aliyekamilisha dozi na anataka kujua kinga imepanda kiasi gani, muda mzuri ni mwezi mmoja mpaka miwili baada ya sindano ya mwisho, kama alivyofanya huyu baba.

*

Kamwene dada wa maabara. Mimi nasoma uuguzi hapa Iringa, mwaka wa mwisho. Nilichanjwa homa ya ini B dozi tatu 2021 nikiwa naanza chuo kingine, kadi ninayo. Sasa kabla ya kwenda wodini tumepimwa kinga, mimi nimepata 6.8 wenzangu wote wana mamia huko. Msimamizi anasema chanjo yangu ilikuwa feki. Je ni kweli, na nianze upya zote tatu? – Mwanafunzi, Kihesa

Kamwene sana mdogo wangu. Feki nisingeitaja kwanza, kuna sababu za kawaida kabisa za namba kushuka na ningemwomba msimamizi wako azimalize hizo kabla ya kuwachafua waliokuchanja.

Swali langu kwako, baada ya ile dozi ya tatu 2021 ulipima? Kwa jinsi ulivyoandika nadhani hukupima, na hapo ndipo tatizo lilipo. 6.8 ya leo inaweza kutokana na vitu viwili tofauti kabisa. Cha kwanza, mwili wako haukuitikia chanjo toka mwanzo, wapo watu wa hivyo, kati ya watu wazima mia wenye afya ni kama watano mpaka kumi, na wanaongezeka kwa waliovuka miaka 40, wavutaji sigara, wenye uzito mkubwa, wenye kisukari, wenye VVU na wenye figo mbovu. Cha pili, mwili uliitikia vizuri tu, kinga ikapanda labda mpaka mia tatu, halafu kwa miaka imeshuka ikafika hapo, na hiyo ni kawaida, haina maana umebaki wazi. Kinga inayoelea kwenye damu ni kama mahindi ya kula, yanaisha, ila mwili unakuwa umeshaweka mbegu ghalani, zile seli zenye kumbukumbu, kirusi kikiingia zinaamka zinatengeneza kinga upya. Na homa ya ini B inachukua wiki nyingi toka iingie mpaka mtu aanze kuumwa, kwa hiyo muda wa kuamka upo. Ndiyo maana mtu wa kawaida aliyekamilisha dozi haambiwi arudie kupima kila mwaka. Waliochanjwa wamefuatiliwa mpaka miaka 30 na bado ulinzi upo kwa walio wengi hata pale namba imeshuka chini ya 10.

Ila wewe siyo mtu wa kawaida, wewe unaenda kushika sindano zenye damu za watu kila siku, kwa hiyo tunataka kujua kwa uhakika uko kundi gani. Huanzi zote tatu. Unachoma MOJA, halafu unapima mwezi mmoja mpaka miwili baadae. Ikiruka juu, hata ikiwa mia kadhaa, ulikuwa na mbegu ghalani, umemaliza, na karatasi hiyo itunze maisha yako yote maana ukishathibitisha mara moja kwamba uliitikia hakuna haja ya kuchomana chomana tena. Ikibaki chini ya 10, malizia mbili zilizobaki upime tena. Ikigoma na hapo basi unahesabiwa kama mtu asiyeitikia chanjo, unapimwa HBsAg na Anti-HBc (sa ingine mtu haitikii kwa sababu tayari ana maambukizi bila kujua, hilo watu hawapendi kulisikia lakini lipo), na kama ni negativu unaendelea na kazi kama kawaida, ila ukijichoma na sindano ya mgonjwa unaripoti muda huo huo upewe ile kinga ya kuchomwa moja kwa moja, imunoglobulini, usikae nalo mpaka zamu iishe.

Ah, na angalia ulichomwa wapi. Kwa mtu mzima inatakiwa bega, ile misuli ya juu ya mkono. Ukichomwa tako mwitikio unakuwa mdogo, na kuna sehemu bado wanachoma huko kwa mazoea.

Kushindana na wenzako namba acha. Mwenye 900 hajalindwa mara tisa kuliko mwenye 100. Tunachotafuta baada ya dozi ni kuvuka 10 basi, na mashine mbili za kampuni tofauti zinaweza kutoa namba mbili tofauti kwa damu ile ile.

*

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mbeya mjini. Nilichanjwa uviko dozi moja ya Janssen 2021. Mwaka huu mwanangu akanipeleka kupima, majibu: kingamwili za S 870 BAU/mL, kingamwili za N pozitivu. Daktari wa pale akasema niliwahi kuugua korona. Sijawahi kuugua hata siku moja, mafua tu ya baridi la hapa. Pili naomba kujua 870 inatosha?

Shikamoo mwalimu. Daktari yuko sahihi na wewe pia uko sahihi, uliipata ila haikukusumbua, inawezekana kabisa ni mojawapo ya hayo mafua ya mwezi wa sita na wa saba ambapo Mbeya nzima tunapiga chafya.

Iko hivi. Janssen ndiyo chanjo tuliyoanza nayo, ile Rais Samia aliyochomwa hadharani Julai 28, 2021. Hiyo pamoja na Pfizer na Moderna zinaufundisha mwili sehemu moja tu ya kirusi, ule mwiba wa nje, ndiyo S. N iko ndani ya kirusi na kwenye chanjo hizo haimo. Kwa hiyo mtu wa Janssen akiwa na N amekutana na korona yenyewe. Ungekuwa umechanjwa Sinopharm ningekujibu tofauti, kwa sababu ile ni kirusi kizima kilichouawa, S na N zote zinaweza kutoka kwenye chanjo. Kwa hiyo ukienda kupima taja na jina la chanjo, bila hivyo anayesoma anabahatisha. Na isichukuliwe kinyume, N ikiwa negativu haithibitishi kwamba hujawahi kuugua, N huwa inashuka ikapotea.

La pili, 870 inatosha? Mwalimu, hamna alama ya kufaulu hapo. Homa ya ini B ina 10 yake, uviko hadi sasa haina namba iliyokubalika duniani kwamba ukivuka hapa umelindwa. BAU ni kipimio ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka Desemba 2020 ili maabara ziweze kulinganisha, kimesaidia, lakini virusi navyo vimebadilika na namba haijui wewe utakutana na aina gani. Kinachoangaliwa ni umri wako, presha, sukari, na lini ulichanjwa mara ya mwisho. Kwa maoni yangu hiyo hela ya kipimo ungenunua mkaa, ila mtoto amekujali na hilo nalo ni kitu.

*

Sista mambo. Mimi niko Mbeya, miaka kadhaa nyuma nilijiunga kwenye utafiti wa chanjo ya ukimwi. Juzi tumeenda kupima na mchumba wangu kabla ya ndoa, kipimo cha kidole kikaonyesha nina VVU!! Nilivyosema kuhusu utafiti nesi hakunielewa, mchumba ndo kabisa. Naombeni msaada ndoa inaelekea kuvunjika. – Jina kapuni

Pole sana kaka, na usikubali kuanzishiwa dawa wala kuvunjiwa ndoa kwa kile kipimo peke yake.

Wengi hapa mjini hawajui kwamba Mbeya ni mojawapo ya sehemu zilizofanya majaribio ya chanjo ya VVU, kuna TaMoVac iliyofanyika hapa na Dar es Salaam, baadae ikaja PrEPVacc ambayo ilisimamisha uchanjaji 2023. Chanjo hizo hazina kirusi kinachoweza kukuambukiza, lakini zina vipande vya kufundishia mwili, na mwili ukishafundishwa unatengeneza kingamwili. Sasa kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili! Chenyewe hakiwezi kujua zimetoka kwenye chanjo au kwenye maambukizi, kikiona mistari inatokea. Kwa baadhi ya waliochanjwa hali hii inadumu miaka.

Fanya hivi, rudi kwenye kituo cha utafiti kilichokuchanja, taarifa zako wanazo, na wanajua kipimo gani unastahili, kile kinachotafuta kirusi chenyewe, yaani vinasaba vyake, siyo kinga. Waambie pia wakupe barua au kadi ya kuonyesha kila unapopimwa. Nenda na mchumba mkae wote asikie kwa masikio yake. Ila nikuambie na upande wa pili maana sitaki kukufariji kwa uongo, kushiriki utafiti hakukukingi, hizo chanjo hazijathibitishwa kuzuia VVU, kwa hiyo kipimo cha kirusi ni lazima kifanyike, usijijibu mwenyewe kwamba ni chanjo tu ukalala.

Na ninyi wengine msije mkaanza kunukuu vibaya: chanjo za kliniki, ya homa ya ini, ya pepopunda, ya surua, ya saratani ya mlango wa kizazi, hazimfanyi mtu asomeke ana VVU. Nazungumzia chanjo ya majaribio ya VVU tu.

*

Nauza chakula Mwanjelwa. Kila nikipima taifodi naambiwa ninayo, 1:160, nimeshameza dawa mpaka nimechoka. Nikachanja chanjo ya taifodi, nimepima tena bado ipo. Chanjo haifanyi kazi?

Dada, unapimwa Widal, siyo? Hicho ni kipimo cha kingamwili, kinga ya taifodi ya mwaka juzi inaweza kuwa bado ipo, kuna bakteria wengine ndugu zake taifodi wanaoinyanyua, na kuna chanjo nyingine za taifodi zinaweza kuigusa. Kwa hiyo Widal moja ya 1:160 kwa mtu ambaye hana homa mimi siitibu, na sielewi kwa nini ukanda wetu huu tunaipenda hivi, mtu akiumwa kichwa Widal, akikosa usingizi Widal. Na haitumiki kupima kama chanjo imefanya kazi, siyo kazi yake. Siku ukipata homa kali ya siku kadhaa omba damu ioteshwe hospitali kubwa, yaani maabara watafute bakteria mwenyewe siyo kinga, na itolewe KABLA hujameza antibayotiki. Chanjo inasaidia ila haizuii kila kitu, maji chemsha.

*

Mwanangu aling'atwa na mbwa huku Tukuyu, kamaliza sindano zote za kichaa cha mbwa. Nimesikia kuna kipimo cha kuona kama zimefanya kazi, nimpeleke Dar?

Hapana mama, nauli yako itunze. Kipimo kipo na kiwango chake ni 0.5, lakini ni kwa watu wenye kinga dhaifu na wale wanaoshinda na hatari hiyo kazini kama madaktari wa mifugo na wa maabara za kichaa cha mbwa. Mtoto mwenye afya, kidonda kikaoshwa na sabuni, sindano zikakamilika kwa tarehe zake, hapimwi. Kadi ya sindano usiitupe, aking'atwa tena (huko migombani mbwa hawaishi) atapewa sindano chache kuliko za mwanzo, na bila kadi wanaweza kumwanzishia zote.

*

Mimi dereva wa malori, napita Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Kadi yangu ya homa ya manjano imeloa ikaharibika. Nikipima damu nikaonyesha kinga ninayo si watanipitisha?

Hawatakupitisha kaka. Mpakani wanaangalia cheti, karatasi ya maabara hata ikisema una kinga ya kumwaga haichukui nafasi yake. Rudi pale ulipochanjiwa, wakikuta jina lako kwenye rejesta wakuandikie kingine. Wakilikosa utachanjwa tena, mtu mwenye afya hapati shida ikirudiwa, ila cheti kipya kinaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya sindano, kwa hiyo usichome leo ukapakia mzigo kesho. Kikishaanza ni cha maisha, ule utaratibu wa kila miaka 10 uliondolewa Julai 2016, na mtu akikuambia kime-ekspaya kwa sababu ni cha 2012 mwambie vyeti vya zamani navyo vimo humo humo. Safari hii kitie kwenye nailoni.